Shangazi, binti yangu ananiamkia kila asubuhi ila haongei na mimi tena

BARUA

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Moshi huku Pasua, nina kiduka cha vitenge na nguo za watoto, mume wangu ni fundi magari. Binti yetu ana miaka 14 yuko fomu tuu, mdogo wake wa kiume ana miaka minne ndo kaanza chekechea. Nisamehe naandika kirefu, jambo lenyewe lina kona nyingi.

Desemba kama kawaida tulipanda Kibosho kwa wakwe kula Krismasi. Safari hii na wifi yangu alikuja, yeye anaishi Sweden siku nyingi, kaolewa huko, kaja na watoto wake wawili wa kiume, mmoja miaka 13 mwingine 10. Watoto wazuri tu ila malezi yao na yetu ni mbali mbali kabisa. Wakiongea na mtu mzima wanamtazama machoni, chakula wasichotaka wanasema sitaki asante, wakiambiwa fanya hivi wanauliza kwa nini na wifi anakaa chini kabisa anawaelezea. Kuchapwa hawakujui. Mama mkwe alikuwa anaangalia tu anaguna.

Sasa tarehe 26 tulikuwa watu wengi, wageni wamekula, masufuria na sahani zimejaa nje. Mama mkwe akamwita binti yangu aje aoshe. Wavulana wote, wa Sweden na wa hapa, walikuwa wamekaa kwenye majani wanacheza gemu kwenye simu. Binti akasema, "Bibi, kwa nini mimi tu na wao wamekaa?" Hakupaza sauti Shangazi, nilikuwepo. Lakini palikuwa na wazee, watu wakanyamaza, baba yake akainuka akamzaba kofi mbele ya ukoo mzima. Akaosha vyombo vyote analia. Wifi akamfuata kaka yake akamwambia kwetu kule hilo ni kosa, unashtakiwa, mume wangu akamjibu basi rudi kwenu kule, na mpaka leo ndugu hawaongei. Mama mkwe akanigeukia mimi, eti nimemlea mtoto kizungu, samaki mkunje angali mbichi, wa kwangu nimemwacha kakauka.

Toka siku hiyo binti kabadilika. Anaamka, shikamoo mama, shikamoo baba, kazi zote anafanya bila kuambiwa, akitoka shule anaingia chumbani. Ukimuuliza kitu unapewa "ndiyo" au "sawa" basi. Zamani akirudi alikuwa ananifuata jikoni ananihadithia mpaka nachoka, mwalimu kafanya hivi, fulani kagombana na fulani. Sa hivi hakuna. Baba yake anasema si unaona, kofi moja tu adabu imerudi. Mimi naona mtoto kaondoka, yani yupo ila hayupo.

Kwa kumhurumia nikaanza kumwachia, simu anakaa nayo mpaka usiku wa manane sisemi, Jumapili asipotaka kanisani sisemi. Na mdogo wake nikaamua simgusi tena, wifi ananitumia video za malezi ya upole, unaongea na mtoto unamweleza hisia zake. Shangazi huyu wa miaka minne namweleza nusu saa kwa nini hali biskuti kabla ya chakula, nikimaliza ananipiga na kijiko. Juzi kanipiga dukani mteja anaangalia.

Nimechanganyikiwa. Kikwetu kimenipotezea wa kwanza, kizungu kinanishinda kwa wa pili. Mimi mwenyewe nilichapwa sana na mama yangu huko Rombo na nampenda mama yangu mpaka kesho. Nifuate njia ipi? Na binti yangu namrudishaje?

Mama wa wawili, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Kuandika kirefu kumenisaidia, maana ungeniambia tu "binti kanuna" ningekujibu ovyo.

Naanzia kwenye hilo neno la mumeo kwamba adabu imerudi, maana hapo ndo penye hatari. Mtoto mwenye adabu anakuheshimu na bado anakuletea habari zake. Binti yako amekata habari. Amegundua kwamba akifungua mdomo anaweza kuumbuliwa mbele ya watu, kwa hiyo anawapa mnachokitaka, salamu na vyombo safi, na mengine yote anabaki nayo mwenyewe. Na miaka 14 Moshi mjini mengine hayo siyo madogo. Kuna bodaboda anayempa lifti bure, kuna mtu anamtumia meseji, kuna rafiki yake kapata mimba anatafuta wa kumshauri. Siku mojawapo ya hayo yatamfikia na wewe utataka uwe wa kwanza kujua. Kwa hali ilivyo leo utakuwa wa mwisho, mtaa mzima utakuwa umeshajua.

Umri wake nao uuelewe. Angekuwa na miaka saba angeosha vile vyombo amenuna basi, jioni kasahau. Wa miaka 14 akili yake imeshafika mahali pa kulinganisha, anaona haki na dhuluma, anauliza sheria imetoka wapi. Huko ni kukua, ungetakiwa uwe na wasiwasi asingeuliza. Ila ubongo wa mtoto hauivi wote kwa mara moja, ile sehemu ya mbele inayomwambia mtu subiri, siyo hapa, siyo mbele ya wazee, inaendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Ndo maana swali zuri kabisa likatoka mahali pabaya. Na umri huohuo ndo aibu inauma kuliko yote, kofi la chumbani na kofi la mbele ya ukoo, mbele ya mabinamu wa rika lake, siyo kofi moja hata kidogo.

Na swali lilikuwa zuri mwanangu, nalisema wazi. Kuna mtafiti Mmarekani anaitwa Carol Ember, mwaka 1973 alitoa utafiti alioufanya Oyugis huko Kenya kwa Wajaluo. Kulikuwa na nyumba ambazo hazikuwa na binti mkubwa kwa hiyo kazi za ndani walipewa wavulana, kuchota maji, kupika, kulea wadogo. Akaja kuona wale wavulana waliopewa kazi za ndani walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wavulana wengine. Hao ni Waafrika wenzetu, kijijini, siyo Stockholm. Kwa hiyo ule mstari wa wavulana waliokaa kwenye majani na simu zao wangeinuliwa wakasuuze masufuria, wangefaidika wao wenyewe. Na angalia, hata wale wa Sweden walikuwa wamekaa pia, wifi yako naye hakuwainua. Hilo mwambie siku mkiongea.

Sasa hii habari ya kikwetu na kizungu. Naona umeyafanya kama mashati mawili inabidi uchague moja uvae, halafu kila moja linakubana. Hebu tuyaangalie vizuri.

Sweden walipiga marufuku kumchapa mtoto, hata nyumbani, mwaka 1979, nchi ya kwanza duniani. Maana yake kabla ya hapo na wao walikuwa wanachapa, fimbo haikuwa ya Kichagga peke yake. Na serikali yao haikukimbilia kufunga watu, walielimisha sana, mpaka kwenye pakiti za maziwa waliandika habari za hiyo sheria ili mama na mtoto wasome pamoja mezani. Halafu hao watoto unaowaona wanaachiwa, kule kwao kuna desturi ya zamani kwamba pipi na vitamu ni Jumamosi, siku nyingine mtoto anaambiwa hapana na hapana inabaki hapana. Mipaka ipo. Wewe kwenye video umeona upole, mipaka hukuonyeshwa.

Na kuna kitu hakisemwi. Sweden wazazi wanagawana siku 480 za likizo ya malipo kwa kila mtoto. Sheria yetu ya kazi inampa mama siku 84, baba siku tatu, na hizo ni za walioajiriwa, wewe mwenye duka na mumeo wa gereji hata hizo hamna. Mama aliyeshinda dukani toka asubuhi, kafunga saa moja usiku, bado hajapika, ukimwambia akae chini aelezee hisia nusu saa unamwonea. Kwa hiyo usijilinganishe na wifi yako ukajiona mama mbaya.

Tuje kikwetu. Umeandika kana kwamba kikwetu ni fimbo. Mwaka 1954 na 1955 kuna mwanasaikolojia anaitwa Mary Ainsworth alikaa Uganda, alikuwa anatembelea nyumba za akina mama wa Kiganda vijiji vya karibu na Kampala, anaangalia wanavyokaa na watoto wachanga. Mengi ambayo dunia nzima inasema leo kuhusu mtoto kumshikilia mama na kujisikia salama, aliyaona kwanza kwa wale akina mama kabla hajaenda kuyapima Marekani. Mwingine, Robert LeVine, alifanya kazi kwa Wakisii Kenya, akawalinganisha na akina mama wa Boston. Wa Boston wanamtazama mtoto wanaongea naye sana, Wakisii maneno machache lakini mtoto yuko mwilini, akilia tu kashabebwa, na walipoonyeshwa video za Wamarekani walishangaa mtoto analia mama bado hajamchukua. Ndo sisi hao. Kikwetu ni mbeleko, ni mtori wa mzazi, ni bibi anayelala na mjukuu, ni mtoto kukaa jikoni akikuhadithia huku unamenya ndizi. Binti yako kikwetu hakijampoteza, alikuwa nacho miaka 14 jikoni kwako. Amepotezwa na kofi la siku moja, na hilo linatengenezeka.

Unasema ulichapwa na unampenda mama yako. Nakuamini. Mtaani ambako kila mtoto anachapwa, mtoto hasomi fimbo kama chuki, anaona ndo dunia ilivyo, na nina uhakika mama yako alikupa mengine mengi ya kumpenda. Kuna utafiti wa 2005 uliochukua familia za China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand, ukakuta hivyohivyo, pale kuchapa ni kawaida madhara yanapungua. Yanapungua, hayaishi. Hata kwenye hizo nchi za kuchapa, waliochapwa zaidi walikuwa na ugomvi zaidi na wasiwasi zaidi. Na hapa kwetu ule utafiti wa kitaifa wa 2009 ulionyesha karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18, sana sana kutoka kwa ndugu na walimu. Kama fimbo ingekuwa inaleta adabu tungekuwa nchi ya watu wenye adabu kupita wote.

Mama mmoja mtafiti wa California, Diana Baumrind, miaka ya 1960 aliangalia wazazi akaona wanatofautiana kwenye vitu viwili, mzazi anadai nini na mzazi anasikiliza kiasi gani. Wa amri tupu bila kusikiliza, huyo ni mumeo siku ile. Wa kusikiliza bila kudai chochote, huyo ni wewe toka Januari. Watoto waliokuwa wanaenda vizuri ni wa wazazi wanaodai na kusikiliza kwa pamoja, sheria zipo, na mtoto anaruhusiwa kuuliza. Usiniambie hayo ni ya Wamarekani, wewe mwenyewe unawajua wazee wa hivyo huko Kibosho, akisema neno hakuna anayerudia, na bado wajukuu wamejaa kwake hawataki kuondoka.

Huyu wa miaka minne kwanza maana ni rahisi. Nusu saa ya maelezo ni nyingi mno, kwa miaka minne maneno saba yanatosha. "Biskuti baada ya chakula." Basi, unaendelea na kazi yako. Atalia, aachwe alie karibu na wewe, usimfukuze na usimbembeleze kwa biskuti. Akiinua mkono kukupiga, ushike ule mkono kabla haujafika, mtazame, mwambie "mama hapigwi", mwondolee kijiko, kimekwenda. Dukani unamtoa nje dakika mbili mnarudi. Utafanya hivyo kila mara, siyo leo ndiyo kesho umechoka unampa biskuti, maana akishinda mara moja kwa kupiga atajaribu tena siku nyingi. Huyu hajaharibika, hajui tu ukuta uko wapi kwa sababu umeuondoa ghafla, anausukuma aone kama bado upo. Na mkwe akikwambia mchape, mwambie kwa heshima hata Sheria ya Mtoto ya 2009 inayomruhusu mzazi kumrekebisha mtoto inakataa adhabu kwa mtoto ambaye kwa udogo wake haelewi anaadhibiwa kwa nini.

Binti sasa. Usimwite sebuleni ukamwambia "niambie una nini", umri huo ukimkalia usoni anafunga zaidi. Mchukue Jumamosi mwende soko la Memorial mkachague mitumba ya duka, au mpande daladala mwende hata Marangu kwa shughuli yoyote, mtu na mtoto wake wakiwa wanafanya kitu mikono iko bize macho yanaangalia mbele ndo maneno yanatoka. Usimhoji. Mwambie wewe upande wako, kwamba siku ile ulikuwepo, swali lake lilikuwa la haki, na hakustahili kupigwa kwa kuuliza. Mwambie pia, na usiliruke hili, kwamba bibi anaulizwa pembeni, siyo mbele ya wageni, na kwamba utamfundisha namna ya kusema jambo gumu kwa mzee bila kumvunjia heshima, maana hilo atalihitaji maisha yake yote hapa kwetu. Halafu nyamaza. Asipojibu siku hiyo usikate tamaa, utaona siku anarudi jikoni kuja kuomba chumvi ambayo haihitaji.

Simu irudi chini ya sheria wiki hii. Kubalehe kunasogeza usingizi mbele, kwa hiyo ni kweli saa tatu hana usingizi, hadanganyi, lakini mwili wake bado unataka masaa 8 mpaka 10 na shule inamwamsha alfajiri. Saa tatu usiku simu zote zinalala kwenye kabati la sebuleni, ya kwake, ya kwako na ya baba. Ya baba hasa. Ukimnyang'anya yeye peke yake umerudia palepale pa "kwa nini mimi tu".

Kanisani aende, hiyo ni sheria ya nyumba yenu, ila mwache achague misa ya saa ngapi.

Mumeo ndo mtihani. Wewe huwezi kumwombea msamaha kwa binti, hilo lazima litoke kwake yeye, na najua atakwambia baba haombi radhi kwa mtoto, hayo ni ya kizungu. Mkumbushe masale. Kwenye migomba ya baba yake yameoteshwa, na kila Mchagga anajua mtu akikosa anabeba jani la sale anakwenda kuomba msamaha, na ukipelekewa unaona uzito kukataa. Simwambii ampelekee mtoto wa miaka 14 sale. Namwambia kabila lililootesha mti wa kuombea radhi haliwezi kusema kuomba radhi ni jambo la kuja na ndege. Na maneno yenyewe ni machache, "mwanangu, swali lako ungeuliza pembeni, lakini mimi kukupiga mbele ya watu nilikosea". Hapotezi ubaba hapo. Usimwambie haya akiwa ametoka gereji ana njaa, wala mbele ya watoto.

Akikataa kabisa, usianze kumsema vibaya kwa binti ili umvute upande wako, utampa mzigo mwingine. Tafuta mtu ambaye mumeo anamsikiliza, kaka yake mkubwa, mchungaji, mzee wa ukoo, yoyote aliyekuwepo siku ile na hakupendezwa, na lazima yupo. Akikubali kumsuluhisha na dada yake wa Sweden katika safari hiyohiyo, itakuwa vizuri zaidi, maana wifi alisema kweli ila kuisema kwa kutishia sheria za watu wengine kulimfanya mumeo atetee kofi badala ya kulifikiria.

Ukiona binti hali chakula, halali usingizi, anaanza kuongea habari za kufa au masomo yameporomoka ghafla, hapo usisubiri Jumamosi ya mitumba, mpeleke hospitali umwombe daktari mtaalamu wa afya ya akili, na namba 116 ya watoto inapigwa bure.

Kwa mama mkwe nenda mwenyewe bila watoto, na kilo ya sukari. Usiende kubishana kuhusu kizungu. Mwulize alivyowalea wanawe wa kiume, nani alikuwa anachota maji, nani alikuwa anakata majani ya ng'ombe, mwache aongee. Wanawake wengi wa rika lake waliwafanyisha wavulana kazi ngumu sana, wengine mpaka kupika. Akishasema hivyo kwa mdomo wake, mwombe Krismasi ijayo vyombo viwe vya wajukuu wote, na amri itoke kwake.